King'ora na Ukoo Mzima

Ndugu yangu uliyeoa ukajaliwa na nyumba kubwa, hili utanielewa bila kulieleza sana. Nyumba kubwa hapa Nachingwea haikai watu wachache. Minada ya korosho ikianza Oktoba, wakwe na mashemeji wanaingia kutoka Ruangwa kuja kusalimia, na wanasalimia mpaka Januari. Vyumba vinajaa, milango inashinda wazi, gunia la huyu linalala stoo ya yule. Ndipo nikamwita fundi tupange king'ora cha waya kabla upande mpya wa nyumba haujapigwa plasta, maana ukichelewa hapo utakuja kupasua ukuta upya ili kupitisha paipu.

Fundi ni kijana mpole, hana haraka ya kueleza. Paneli inakaa ndani, mahali mgeni hapaoni. Kila mlango unafungwa kifaa chenye sumaku, na kila kifaa kinavutiwa waya wake mpaka kwenye paneli. Mlango ukiwa umefungwa, umeme mdogo unazunguka humo. Ukifunguliwa, mzunguko unakatika, king'ora kinalia. Mwizi akikata waya, naye amekata mzunguko, kelele ni ileile. Na akiwa mjanja wa kuunganisha nyaya ili ipite kimyakimya, kuna rezista iliyofichwa ndani ya kifaa cha mlangoni ya kumuumbua. Nilifurahi sana kusikia hayo. Nikachukua daftari la shule la mtoto, nikaanza kuchora.

Mke wangu tunamwita Waziri wa Funguo, kwa kuwa hakuna kufuli la nyumba hii ambalo ufunguo wake haulali kwenye pindo la kanga yake. Akainama juu ya mchoro. "Baba Zai, umeanzia sebuleni? Sebuleni mwizi atabeba nini, makochi?" Akaweka kidole uani, kwenye stoo, penye ufuta na korosho zinazosubiri kupelekwa chama cha ushirika, AMCOS, kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Jasho la mwaka mzima liko pale. Zoni ya kwanza, yaani sehemu ya kwanza ya kulindwa, ikahamia stoo, na mjadala ukafungwa.

Akaja mama mkwe, Bibi Alfajiri. Yeye hufungua mlango wa jiko kabla ya adhana, akoke moto. "Kwa hiyo mimi nitamwomba waya ruhusa ya kuchemsha chai?" Fundi akamweleza kwa adabu kwamba mlango huo unaweza kupewa sekunde 30 za kubonyeza namba. Namba gani? Baba mkwe akadakia kutoka barazani kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Wekeni 1947!" Namba ikafa papo hapo, kabla haijatumika.

Baba mkwe ndiye Bwana Karanga, na 1947 haimtoki mdomoni. Ndio mwaka ulioanza ule Mradi wa Karanga wa Waingereza, uliopangiwa mamilioni ya ekari Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara mpaka Nachingwea, kubeba karanga ambazo hazikuja kuonekana. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. "Walipanga wakiwa London," mzee husema, "hawakumuuliza anayelima hapa." Ananichosha kwa hadithi hiyo, lakini safari hii nilimsikiliza, nikazunguka nyumba nzima na daftari nikiuliza nani anapita mlango gani, saa ngapi.

Hapo ndipo utajua nyumba yako. Shemeji yangu Popo, timu ya Namungo ikicheza pale uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, anarudi usiku wa manane na kuingilia dirisha la chumba cha vijana. Waziri akaamuru dirisha hilo lifungwe kifaa. Popo ameomba dirisha lisamehewe, na Bibi Alfajiri anamuunga mkono. Halafu kuna paka, Meneja, ambaye ndiye anayelinda magunia dhidi ya panya. Sensa inayohisi joto la kiumbe anayetembea haiwezi kukaa stoo, maana Meneja hupanda magunia mpaka karibu na dari. Stoo itabaki na sumaku ya mlango, na nyaya zote zipite ndani ya paipu, panya wasizitafune.

Tulibakiza umeme. Betri ya volti 12, ile ya ampea-saa 7, itashikilia mtambo wetu zaidi ya siku nzima umeme ukikatika. "Na siku ya pili?" akauliza Waziri. Sola ndogo ikaingia kwenye bajeti.

Fundi anaanza Jumamosi. Paneli itakaa chumbani, upande anaolala Waziri. Namba ataitunga yeye, na mimi nitaambiwa. Roli la waya limeongezwa, kwa sababu jana jioni Bibi Alfajiri ameuliza kuku wake nao wamo zoni ipi.