Ulimi Nje

Mtu akikwambia ualimu wa Kiingereza unasomewa chuoni, ujue hana watoto, hana mume, na mama mkwe wake anaishi mbali. Mimi wangu nimeusomea jikoni, Mbagala, mwiko mkono wa kulia, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, na kitinda mimba ananing'inia kwenye kanga akishitaki kwamba kaka yake amemwangalia.

Nilikuwa mwalimu wa Daraja la Tatu A. Nafundisha darasa la pili kusoma na kuandika, kwa Kiswahili changu, nina amani zangu. Nikaamua kujiendeleza. Neno hilo lina hila. Linakufanya uone kuna gari na dereva ni wewe. Hakuna anayekwambia kwamba gari lenyewe ni la kusukuma, abiria ni familia nzima, na wote wanauliza leo tunakula nini.

Kwenye fomu ya maombi niliandika kwamba nina ari ya kuinua kiwango cha lugha nchini. Ukweli ni kwamba nilichoka kufuta makamasi. Niliwaona walimu wa sekondari wakiitwa "madam", viatu vya kisigino, vitabu viwili tu mkononi, nikasema na mimi. Baba watoto akasema ananiunga mkono. Mkono wenyewe mpaka leo sijauona ukishika sufuria, ila kuunga ameunga.

Basi nikaanza. Kumbe Waingereza wana herufi 26 na sauti 44, yaani kuna sauti 18 hazina kwao, zinapanga tu, leo chumba hiki kesho kile. Katika hizo 44, irabu ni 20. Sisi tunazo tano, na zinatutosha kusutana, kutongozana na kuzikana. Mhadhiri akatusomea maneno manne: bad, bird, bud, bard. Akauliza kama tumesikia tofauti. Darasa zima tukaitikia kwamba tumesikia. Mimi nilichosikia ni mtu mmoja amebadilisha kanga mara nne.

Lakini irabu nilizivumilia. Iliyoniingiza matatani ni th. Mtu wa pwani hana shida nayo. Tangu anyonye anasikia thamani na thelathini, dhahabu na dhuluma, ulimi wake unajua njia. Mimi nimekulia Shinyanga. Kwetu tulisema samani na selasini, na dhiki tuliiita ziki, tukaishi nayo hivyo hivyo. Sasa ukubwani naambiwa nitoe ncha ya ulimi, niiweke kati ya meno, nipulize. Mhadhiri akasisitiza: fanyeni mazoezi kila siku, mbele ya kioo, na mtumie maneno ya nyumbani. Father. Mother. Brother.

Wakati huo mama mkwe alikuwa amekuja kutibiwa macho. Wiki mbili, alisema. Mwezi wa tatu ulikuwa unakatika.

Siku hiyo nasonga ugali. Kioo sina jikoni, nikatumia mfuniko wa sufuria, ule unaong'aa. Nikawa nauinua, natoa ulimi, napuliza, nageuza ugali, nauinua tena. Father. Mother. Nikaona hayo nimeyaweza, nikapanda daraja, nikaenda kwenye mother-in-law. Nikalirudia. Likawa gumu, nikatoa ulimi zaidi. Mother-in-law! Nageuka kuchota unga, mama mkwe amesimama mlangoni, kanga imefungwa kifuani, ananitazama. Ulimi wangu ungali nje.

Ningeweza kuokoka. Mama hajui Kiingereza, ningesema jino linauma. Ila pale mlangoni alikuwepo na kitinda mimba, ambaye tunamsomesha shule ya Kiingereza, ile ya basi la njano, kwa ada inayotufanya tule dagaa mpaka tunawajua kwa sura. Akataka bibi yake aone ada inavyofanya kazi.

"Bibi, mother-in-law ni mama mkwe. Mama anakusema wewe."

Mama mkwe hakujibu. Alisema neno moja la Kisukuma ambalo silitafsiri, akarudi sebuleni. Saa mbili usiku wifi yangu wa Kahama alikuwa ameshapiga simu. Saa tatu habari ilikuwa kwenye kundi la ukoo, imeongezewa kwamba nilikuwa nimeshika mwiko kwa namna ya kutisha. Nikaeleza habari za fonetiki. Wifi akaniuliza, hiyo fonetiki inawaruhusu kuwatolea wakwe ulimi? Baba watoto akaniunga mkono kwa kunyamaza.

Kuanzia hapo mazoezi nikayahamishia chooni. Nyumba yenye watu saba na choo kimoja, nawe umejifungia humo unasema three, thirty, thirty-three. Jirani akaniletea majani ya kuchemsha.

Ikafika zamu ya kwenda kufundisha kwa mazoezi, shule ya kata. Watoto wa kidato cha kwanza wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, wanavuka mwezi Januari tu, na bailojia, jiografia na hesabu zote zinawasubiri zimevaa suti. Mlango wa ofisi ya walimu una kibao kinachosema bila Kiingereza hakuna huduma. Siku ya tatu akaja kijana anatweta, akasimama chini ya kibao, jasho linamtoka. Akaangalia juu, akasoma, akameza mate. Walimu wakamsubiri. Akajikusanya: "Madam… goat… mchicha… finish."

Mwenzangu akamwambia arudi akajipange aseme sentensi kamili. Mimi mpaka leo nabisha kwamba ilikuwa kamili. Mtenda yupo, mtendwa yupo, na tendo lenyewe lilikuwa linaendelea nyuma ya jiko la shule. Tulipotoka, mbuzi alikuwa amemaliza matuta mawili na anatutazama kama mkaguzi.

Siku ya kukaguliwa mwenyewe, andalio la somo nililiandika saa saba usiku juu ya meza ya kulia. Malengo mahususi, zana, hatua, tathmini, na pembeni duara la mafuta pale ilipokaa sahani ya mtoto wa katikati. Mkufunzi akakaa nyuma ya darasa na fomu yake. Nikafundisha wakati uliopita. Nikaigiza, nikachora, nikatembea kati ya madawati. Nikauliza, "Have you understood?"

"Yeees, madam!"

"What have you understood?"

Kimya. Ungesikia chaki ikipumua. Nikasahau mkufunzi, nikasahau na kibao. "Jamani, mmeelewa?"

"Hapanaaa!"

Nikamwona mkufunzi anainamia fomu, anaandika, anaandika tena. Nikajua nimekwisha. Mara kijana mmoja wa nyuma, akidhani hatazamwi, akapanda dirishani kuchungulia mpira. Mkufunzi akaruka kitini: "We mtoto! Shuka hapo! Utavunjika shingo uniletee kesi!"

Kwa Kiswahili, tena cha Tandale. Tukatazamana. Akakaa, akafuta kitu kwenye fomu.

Chuoni walitupa kuchambua Song of Lawino cha Okot p'Bitek. Mwanamke wa Kiacholi anamlalamikia mumewe, msomi ambaye kila cha kwao anakiona ushamba. Nilikisoma usiku, watoto wamelala, baba watoto anakoroma kwa irabu zote 20. Kichwa cha insha kilitaka nieleze tamathali za semi. Nilichoandika pembeni kwa penseli ni kitu kingine: kwamba Okot alikitunga kwanza kwa Kiacholi, ndipo mwaka 1966 kikatoka kwa Kiingereza. Nikamwelewa sana. Mwanamke mwenye malalamiko ya kweli anaanzia lugha ya kwao, tafsiri baadaye, akitulia. Mimi nimemaliza shahada, lakini hasira zangu hazijafika hata kidato cha kwanza. Nimejaribu kuwagombeza watoto kwa Kiingereza. Nikawaambia, "Please, stop that behaviour." Wakaniangalia kwa huruma, kitinda mimba akanisahihisha "behaviour".

Sasa nimeajiriwa, ni madam kamili. Visigino nilivaa siku moja, mchanga wa Mbagala ukanishauri vizuri. Vile vitabu viwili vya mkononi vimekuwa madaftari 128, mikondo miwili, na nayasahihishia jikoni pale pale. Wiki iliyopita msichana mmoja akanyoosha kidole kwa adabu: "Madam, my exercise book smells dagaa." Nikasimama nisijue nione aibu au nimpe alama, maana kitenzi alikinyambua sawasawa.

Na mtaa nao umeshanigawana. Shemeji anataka barua ya kuomba kazi, iwe na maneno mazito. Jirani kaleta karatasi ya ndani ya boksi la dawa, nisome madhara. Nilipomsomea akaacha dawa. Kuna mzee kaniletea televisheni nzima imeandika kitu kwenye kioo. Wote hawa hulipa kwa kusema "si dakika moja tu, mwalimu".

Mama mkwe yeye aliondoka zamani, mwezi mmoja baada ya kile kisa cha mfuniko. Macho yamepona, anaona kila kitu, alisema, na alinitazama alipolisema hilo. Tulitoka Mbagala alfajiri kwenda kupanda basi stendi ya Magufuli, kule Mbezi, mimi na yeye na mabegi matano. Nikamlipia tiketi, nikamnunulia maji na mikate ya wajukuu wa Shinyanga. Akapanda, akakaa dirishani, akanikodolea macho kitambo. Kisha akafungua kioo.

"Mkamwana."

"Abee, mama."

Ni vyema mjue kwamba mama hana meno mawili ya mbele, juu. Akachungulia huku na huku, akatoa ulimi, akauingiza kwenye lile pengo, akapuliza.

"Thank you."

Th yenyewe hasa. Safi, laini, haina hata chembe ya s. Mwaka mzima mhadhiri wetu hakuwahi kuitoa vile. Sikujua la kusema, nikamtolea na mimi wangu, "Thank you, mama." Akarudia. Nikarudia.

Konda akaja mbio kati yetu, mikono juu. "Mama zangu, jamani, asubuhi yote hii mnatoleana ulimi? Kama kuna ugomvi, mshushe abiria wako mkayamalize nyumbani, mimi naondoa gari!"