Mwongozo wa Mpiga Kasia wa Pili

Ukisimama Songo, Uvira, ziwa Tanganyika liko mbele yako na milima iko mgongoni. Ukishika njia ya kaskazini, ukaipita Kavimvira, unakaribia midomo ya mto Ruzizi, nyumbani kwa stelingi wetu aliyefika Hollywood. Stelingi huyo ni mamba. Anaitwa Gustave, jina alilopewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyehamia Burundi, na urefu wake ulikadiriwa kuwa kama mita 6. Mwaka 2007 akatolewa filamu, Primeval, iliyopigwa Afrika Kusini na kunadiwa kama habari za muuaji wa kutisha, bila tangazo kusema kwamba muuaji mwenyewe ana mkia. Hollywood haina tabia ya kuacha mzoga wenye nyama. Siku moja kamera zitateremka hapa kwetu, bandarini Kalundu, na zitahitaji watu wa kupiga kasia.

Mwongozo huu ni wa mpiga kasia wa pili. Wa kwanza hauhitaji, kwani yeye huliwa mapema, kwa damu na makelele, na hakuna anayebaki na swali. Taabu ni yako wewe unayeonekana umejitupa majini, unaogelea kuelekea kwenye matete, halafu kamera inamgeukia stelingi binadamu aliyemkumbatia mwandishi wa habari, na basi, hatukuoni tena. Hujafa, hujapona. Mama yako akija kutazama atauliza, na ukumbi mzima utamwambia anyamaze.

Anza kwa kujifunza kwa waliokutangulia, maana jambo hili ni la zamani. Katika Dracula ya mwaka 1931, msichana Lucy anaumwa shingoni, anakufa, anafufuka, anaanza kuvizia watoto usiku. Van Helsing, mzee mwenye dawa ya mambo hayo, anaahidi kwamba roho ya binti itatulizwa. Kisha anamshughulikia Dracula mwenyewe, filamu inakwisha, na Lucy hadi leo yuko nje anatembea. Sasa sikiliza hii: filamu hiyohiyo ilipigwa mara mbili katika majengo yaleyale, mchana kwa Kiingereza, usiku kwa Kihispania na waigizaji wengine. Wale wa usiku walikumbuka kwenda makaburini kuimaliza kazi. Kwa hiyo ukiulizwa unapendelea zamu gani, omba ya usiku.

Halafu kuna King Kong, ya mwaka 1933, ambayo kila mtu wa pwani yoyote inayotembelewa na wageni wenye kamera angepaswa kuitazama mara mbili. Wanakijiji wa kile kisiwa walikuwa na ukuta mkubwa na lango imara, na mnyama wao alikaa upande wake. Anakuja Denham, mtengeneza filamu, na meli yake. Mnyama anachokozwa, lango linavunjwa, nyumba zinabomolewa, watu wanakanyagwa. Denham anamlaza Kong kwa mabomu ya gesi, anapiga hesabu ya utajiri, na picha inayofuata tuko New York, taa zinawaka, watu wamevaa suti. Ndivyo kijiji kilivyoachwa. Nani alizika? Nani alisimamisha lango upya? Hollywood haikuona sababu ya kutuambia.

Utasema ilikuja sehemu ya pili. Kweli, Son of Kong ilitoka mwaka huohuo wa 1933, na inaanza na Denham akikimbia mashtaka na madeni ya watu wa New York, waliokuwa wakimdai hasara za Kong. Angalia mpangilio wa mambo: New York ilikuwa na wakili, kisiwa hakikuwa naye. Denham anaporudi kisiwani, wenyeji wanamfukuza kwa sababu wanayoijua vizuri. Na fidia yao? Mwishoni kisiwa kizima kinazama. Denham anaokoka, na nahodha, na mpishi wa meli pia. Kumbuka huyo mpishi. Ni mhusika mdogo kabisa, lakini alikaa karibu na chakula na karibu na mashua, akafika mwisho wa filamu zote mbili.

Frankenstein itakufundisha jambo moja tu, nami nitalisema haraka. Baba wa yule mtoto aliyetupwa ziwani na zimwi aliachwa hai mwaka 1931. Mwaka 1935 wakamrudisha kwa jina jingine na mwigizaji mwingine, akaingia kwenye magofu ya kinu kuhakikisha kama zimwi limekufa. Halikuwa limekufa. Ukipona sehemu ya kwanza, kaa nyumbani.

Turudi kwetu. Kabla ya Hollywood, Faye na watu wa kamera walijaribu kumkamata Gustave, na mwaka 2004 ikatoka filamu ya kweli juu ya jaribio hilo. Walijenga kizimba cha chuma cha zaidi ya mita 9, uzito wake tani nzima, wakakiweka kwenye Ruzizi na chambo ndani. Mamba hakuja. Mwisho wakamfungia humo mbuzi mzima. Usiku ule ikapiga dhoruba, kamera ikazimika, na asubuhi wakakuta kizimba kimezama nusu na mbuzi hayupo. Ameliwa? Maji yalipanda akaelea akatoka? Mimi nasema huyo ndiye mhusika msaidizi bora kupata kutokea kwenye ziwa hili, na hata jina hakupewa.

Jina ndiyo shida yenyewe. Mamba ana jina la Kifaransa, na makovu yake ya risasi yameandikwa moja baada ya jingine. Watu wanaosemekana kuliwa naye wana nambari: 300, ya mviringo kama sahani. Hivyo basi, siku ya kwanza ya kazi hakikisha umepewa jina, na stelingi alitamke mwenyewe angalau mara tatu kabla mamba hajainua pua. Usikubali kuitwa yule wa mashua. Sema: mimi naitwa Papa Bahati. Kama huna mtoto, azima jina la mpwa wako, mambo ya ukoo yatatengenezwa baadaye. Mtu anayeitwa Papa Bahati akipotea, lazima mtu amuulizie Bahati.

Usitaje mipango yako. Ukisema mbele ya kamera kwamba unaweka akiba ya motere ya pirogi, umekwisha. Vivyo hivyo ukionyesha picha ya mchumba.

Mwongozaji atakuamuru usimame ndani ya pirogi na kunyoosha kidole. Kataa kwa adabu. Aliyezaliwa hapa hasimami ndani ya pirogi ovyo, na anajua kwamba mwenye kutisha zaidi kwenye maji haya ni kiboko. Ndiyo maana mvuvi akipita penye matete hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, ili kiboko aibuke mbali ajulikane alipo. Watakukataza kugonga, eti unaharibu sauti. Hapo chagua: sauti yao au miguu yako.

Ikiwa yote yameshindikana na umepotea kwenye filamu, tumaini lako ni mtafsiri wa chumba cha video. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Nairobi wana DJ Afro, na kazi ya watu hawa haiishii kwenye kutafsiri. Mtafsiri hodari hawezi kukuacha kwenye matete. Wakati Wazungu wanabusiana, yeye atapenyeza kwamba yule mpiga kasia alitokea upande wa pili, akala ndagala wa moto, akaoa Kigoma. Mnunulie soda mapema.

Gustave mwenyewe yamemfika yaleyale. Ilisemwa alionekana mwaka 2015 akiburuta nyati; mwaka 2019 gazeti moja la safari likaandika kwamba ameuawa, bila picha ya mzoga. Stelingi mzima ameachwa kwenye matete pamoja na mbuzi.

Basi wakija, soma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. Na wakikuomba mbuzi, bei ikubaliwe mapema kwa hali tatu: akirudi mzima, akiliwa, na asipojulikana alipo. Hiyo ya tatu iwe ghali kuliko zote, ilipwe kwa dola taslimu, noti ambazo hazijachanika hata pembeni, kabla kizimba hakijashushwa majini.