Sifa za Sasisho

Binadamu husahau upesi wafadhili wake. Fundi aliyetutengenezea kompyuta tunamshukuru, aliyetufungia projekta tunamlipa, lakini sasisho la programu, linalotuhudumia usiku na mchana bila kuombwa, hakuna aliyelitungia hata kaswida. Nachukua kalamu kulipa deni hilo.

Sifa yake kubwa ni kujua wakati. Sasisho halimwendei mtu aliyekaa bure. Husubiri ukumbi ujae, mgeni rasmi aketi, na mkurugenzi aseme "mabibi na mabwana". Hapo ndipo kioo hugeuka buluu, vidoti vikaanza kuzunguka, na asilimia zikapanda kwa heshima: 12, 18, 30, kisha 30, na tena 30. Maandishi yanasihi kompyuta isizimwe. Katika dakika hizo wajumbe wasiosemezana tangu kikao cha bajeti hujuliana hali, huulizana habari za watoto, na chai hunyweka ingali moto. Hotuba gani imewahi kuleta umoja huo?

Kisha liko suala la bando. Mwenye kununua GB moja hushawishika kuimaliza kwa mambo ya anasa, kama kutuma maombi ya kazi au kumwona mjukuu aliye Muscat. Sasisho humwepusha na hayo. Hulinywa bando lote kimyakimya kabla ya saa nne asubuhi, na mwenyewe akabaki na moyo mweupe na salio tupu.

Microsoft waliuelewa wema huu mapema. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, watumiaji wa toleo la nyumbani walituliwa mzigo wa kukataa masasisho. Mwaka uliofuata, mwenye Windows ya zamani aliyebofya alama ya X kulifunga tangazo la kuhamia mfumo mpya alihesabiwa kuwa hajakataa, naye akahamishwa kwa wakati uliopangwa. Oktoba 2018 ukarimu ulifurika: sasisho likafuta hata mafaili binafsi ya baadhi ya watumiaji, mizigo ambayo wenyewe wasingethubutu kuitupa. Kwa bahati mbaya lilisimamishwa baada ya siku chache. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, likazipumzisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, ndege zikabaki ardhini, mahali salama kuliko pote kwa ndege.

Wenzetu wa Linux nao hawakunyimwa. Programu ileile huwajia katika kifurushi cha deb, snap, Flatpak au AppImage, na wingi huo huwapa mabishano ya kudumu, yasiyohitaji mgeni wala mada. Tangu toleo la 22.04 la Ubuntu, tawi mojawapo la Linux, anayekiomba kivinjari cha Firefox kwa amri ya apt hupewa snap, kwani mzazi mwema hampi mtoto alichoomba, humpa kinachomfaa. Snap hutafuta masasisho mara nne kwa siku, idadi inayokaribia ya swala. Katika Ubuntu 18.04 hata kikokotoo kilikuja kimefungwa ndani ya snap, na kilipochelewa kufunguka, mtu alikuwa ameshajumlisha kwa kichwa. Hivyo ndivyo hesabu za kichwani, zilizokuwa zikipotea mashuleni, zilivyopata mtetezi. Linux Mint waliifungia snap mlango mwaka 2020. Ukoo haukosi mkaidi.

Nawe msomaji, usione haya. Najua unalingoja, hata kama mbele za watu hubofya "nikumbushe baadaye". Leo usiku iache kompyuta imewaka, kazi zako ziwe wazi na hazijahifadhiwa, bando liwe jipya. Sasisho halipendi kukaribishwa nusunusu.