YAH: Shukrani za wakazi wa Ifakara kwa kuwekwa kileleni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi wakazi wa Ifakara tunakuandikia kutoa shukrani. Kwa miaka mingi mji wetu ulijulikana kwa mchele, mbu na baiskeli. Ripoti zenu za robo mwaka zimetupandisha chati. Mikoa ikipangwa kwa majaribio ya ulaghai wa simu, Rukwa na Morogoro hushikana mashati kule juu, na Morogoro ikishatajwa, hakuna anayewaangalia watu wa Gairo. Macho yote huja bondeni kwetu. Siku hizi ukifika Dar es Salaam ukasema umetoka Ifakara, mwenyeji wako haulizi tena bei ya gunia. Anacheka kidogo, kisha anaichukua simu yake mezani na kuikalia.

Tunashukuru pia kwa aina ya uhalifu tuliyojaliwa, maana ni ya amani kabisa. Mhalifu wetu havunji mlango wa mtu Viwanja Sitini usiku wa manane, wala hashiki panga. Amekaa kivulini, mguu juu ya mguu, soda pembeni, anamwandikia mtu wa Mtwara asiyemjua: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani." Hajui ni hela ipi, na wala hana haja ya kujua. Nchi hii kila mtu anadaiwa: kodi, ada, mchango wa harusi, rambirambi. Ujumbe ukipigwa kwa watu wa kutosha, hakosekani mmoja aliyekuwa ameshika simu tayari kutuma.

Naomba, Ndugu Mkurugenzi, tusimame hapo kwenye jina linalokuja.

Linakuja jina la bibi. Bibi huyu ana shamba la mpunga ng'ambo ya mto Kilombero na simu ya kitochi. Siku moja laini yake ilipotea, akaenda kwenye mwavuli wa wakala kusajili nyingine. Akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. "Haijasoma, bibi. Weka tena." Akakifuta kwenye kanga, akaweka. "Bado. Jaribu hicho kingine." Akajaribu. "Mara ya mwisho, bibi yangu, mtandao unasumbua." Akaondoka na laini moja, akimwombea kijana baraka kwa uvumilivu wake. Laini nyingine zilizozaliwa kwa vidole vyake zilibaki mwavulini zikisubiri mnunuzi.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba haina shahidi. Kidole kilichoshika jembe miaka arobaini kimelika kweli, na kuna siku mashine hukikataa kwa haki kabisa. Bibi atajuaje ni "haijasoma" ipi ya kweli na ipi ya biashara?

Tunakumbuka vizuri usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019. Tulipanga foleni mpaka siku ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020. Tuliambiwa wahalifu sasa watakosa pa kujificha. Kumbe walipata pazuri zaidi: ndani ya kidole gumba cha bibi.

Ulinzi mliompa bibi nao hatuubezi. Anaweza kubonyeza *106# na kuziona laini zote zenye jina lake. Anachotakiwa ni kuingiza namba ya NIDA, tarakimu 20 tu, kwenye kitochi ambacho namba zake zimefutika. Akitumiwa ujumbe wa kitapeli, auelekeze 15040. Na mkizifungia laini, mnatangaza idadi nasi tunapiga makofi. Kijana wa soda anatoa laini nyingine mfukoni. Ikitafutwa sura ya mwenye jina, inapatikana ya bibi.

Hatusemi vijana wetu ni malaika. Tunawajua. Kijana hana shamba, hana duka, hana ajira, ana pikipiki mpya na anajenga. Na sisi tunamwita "bosi", tunamkalisha meza kuu kwenye harusi, tunasubiri ataje ahadi yake. Aibu hiyo ni yetu, hatuiombei ruzuku.

Ila mji huu una elimu moja tungependa kuwagawia. Watafiti wako hapa tangu miaka ya 1950, kwenye maabara iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 mradi wa KINET uliuza vyandarua vyenye dawa bondeni humu, na vifo vya watoto wadogo vikapungua. Mtoto wa shule hapa anajua kwamba ukitaka kupambana na mbu, huishii kutangaza ni kata ipi imeumwa zaidi. Unatafuta mazalia.

Laini ya simu haijisajili. Ipo siku iliyosajiliwa, yupo wakala aliyeishika, ipo kampuni iliyompa mashine. Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Ripoti ijayo, pembeni ya orodha ya mikoa, wekeni na orodha ya kampuni: laini za kitapeli zilizofungiwa zilisajiliwa na nani, mawakala wangapi wamenyang'anywa mashine, wangapi wamefikishwa mahakamani. Pia, kila laini mpya inapozaliwa kwa jina la mtu, namba yake ya zamani ipigiwe na sauti ya Kiswahili imuulize: ni wewe? Bibi hasomi vizuri, lakini kusema "siyo mimi" anaweza.

Orodha hiyo ikitoka na Ifakara bado ikawa juu, tutakubali yaishe, tutaipokea nafasi yetu. Kwa sasa tunaona tunapewa kombe ambalo wengine wamelichezea.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ifakara.

Nakala:
Kampuni zote za simu — mjitambue.
Mwenye nyumba wangu — mzee, kodi nimetuma kwenye namba yako ya siku zote. Huyo aliyeniandikia jana kwa jina lako, mwambie asubiri.