Muulize Mzee Klachi: Milango Minne, Pistoni Sifuri

*Shikamoo Mzee Klachi. Naishi Tabata, kazini ni Posta. Nimeona mtandaoni Mazda RX-8 ya mwaka 2006, nyekundu, inauzwa bei ya IST. Nataka niwe naendea nayo kazini kila siku. Mke wangu kasema nikuulize wewe kwanza. Mwenye Kiu ya Mwendo.*

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mkeo salamu zangu. Mwanamke anayenitafuta mimi kabla ya dalali ni wa kutunzwa, na nikiambiwa alilelewa kwenye nyumba iliyosomwa safu hii sitashangaa.

Umefika kwa mwenyewe. Nimekuwa karibu na magari ya spoti kwa miaka 34. Sijasema ndani, nimesema karibu. Mengi nimeyasukuma. Anayeshika usukani anajua mwendo wa gari, ila uzito wake anaujua anayesukuma. Vitabu vinasema RX-8 ina kilo 1,300 na ushee. Kiuno changu kinasema tani tatu, tena hapo tulikuwa kwenye mteremko.

Sasa shida yako. Ulisema nini vile? Nyekundu. Rangi haina neno, injini ndiyo yenye maneno. Gari hilo halina pistoni hata moja. Ukiifungua injini yake unakuta vipande viwili vya pembetatu, vimefura kama mahamri, vinazunguka ndani ya chumba cha umbo la yai lililokazwa mkanda kiunoni. Aliyewaza hivyo ni Mjerumani, Felix Wankel, na Mazda waling'ang'ania wazo lake hata wenzao walipolitupa. Mimi pia wazo hilo lilinijia, mwaka 1994, nikinywa chai, kabla sijajua kuna mtu kanitangulia. Silalamiki. Hamri langu nilikula, yeye lake akalipeleka kiwandani.

Ujazo wake ni lita 1.3, na hapo ndipo dalali atakapokushika bega akwambie "kaka, hii hainywi, ni kama Vitz tu." Mjini, kwa foleni zetu, lita moja itakupeleka kilomita 6 au 7. Na hiyo ni petroli peke yake, oili bado. Kila pembe ya hamri ina ukanda mwembamba wa kuziba, na ukanda huo lazima ulainishwe, kwa hiyo injini inajidondoshea oili chumbani na kuichoma pamoja na mafuta. Usikimbilie kwa fundi ukidhani inaumwa. Ndivyo ilivyozaliwa. Ukijaza mafuta mara mbili, chomoa kijiti cha oili utazame, na chupa ikae kwenye buti kama chupa ya maji ya msafiri wa Kigoma. Wengi walioua injini hizi hawakufanya ubaya wowote mwingine, walisubiri tu taa iwake.

Tena nakuuliza, kwenu mnaegesha wapi? Kwetu magari sita yanalala kwenye uchochoro mmoja, na kila alfajiri mtu wa nyuma anagonga dirisha usogeze lako. Kwa gari lingine ni kero. Kwa hilo ni msiba, maana ukiliwasha likiwa baridi, ukalisogeza mita tano na kulizima, petroli inafurika ndani, plagi zinalowa, na ukirudi umeshavaa tai haliwaki. Liwashe uliache lipate joto kwanza. Majirani watakuchukia, lakini walianza kukuchukia siku ulipolileta jekundu.

Sitaki uamini maneno matupu, kwa hiyo nakupa dozi niliyoivumbua mwenyewe na ambayo nchi za nje bado hazijaistahili. Azima mbuzi ya kukunia nazi. Kalia, nyoosha miguu mbele, chini kabisa, hivyohivyo ndivyo utakavyokaa kwenye gari la spoti. Kaa saa moja na nusu asubuhi, saa moja na nusu jioni, siku saba. Kila dakika kumi shemeji yako akupigie honi sikioni. Kila mtoto akipita na kusema "gari kali hilo," mpe elfu mbili. Kila ukifikia tuta, inuka kidogo, guna, ukae tena. Siku ya saba simama ghafla ukiwa na mkoba wa kompyuta begani, mbele ya bosi wako, bila kushika kitu. Ukiweza, nunua. Mimi niliishia siku ya pili na ile mbuzi ikarudishwa kwa mwenyewe ikiwa na kasoro ambayo mpaka leo tunaijadili.

Kwenye bei ya IST ndipo mnapoteleza nyote. Gari likiwa bado Japani, lina ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, kila baada ya miaka miwili, na likizeeka ukaguzi huo na marekebisho yake vinamgharimu mwenyewe kuliko anavyotaka. Anampeleka mnadani. Mzigo aliouchoka yeye wewe unaupokea kwa vigelegele bandarini. Kwa hiyo muuzaji akupe karatasi ya mnada. Ina alama: 4 na kuendelea ni gari lililotunzwa, na ukiona herufi R ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, na wewe mwambie hela imepotea. Likishavuka miaka 10, ambayo hilo lako limeivuka zamani, TRA nao wana ushuru wa uchakavu. Na kama limeshaingia nchini, mtafute fundi mwenye kipimo cha kompresheni cha injini za rotari. Kipimo cha kawaida kitakupa namba moja tu, na hamri lina pande tatu: mbili zinaweza kukuitikia salamu huku ya tatu imeshazikwa.

Halafu, kabla ya kumtumia mtu hata shilingi, panda daladala uende Gerezani. Usiende kununua. Uliza bei ya klachi, shokapu nne, koili za kuwashia plagi na matairi manne ya 225/45 rimu 18. Andika kwenye karatasi, jumlisha, uweke mfukoni, kunywa soda. Kama baada ya soda bado una hamu, jumla hiyo iwe benki siku unapolipia gari, kwa sababu gari la mkononi halikuulizi kama umeshapokea mshahara.

Mimi sikwenda Gerezani. Gari langu la milango miwili, ambalo kampuni yake siitaji kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, liko chini ya mwembe tangu 2011. Kuku wanaatamia kwenye kiti cha dereva. Yale ndiyo mayai ya bei mbaya kuliko yote Dar es Salaam, na sijawahi kumuuzia mtu hata moja.

Lakini si kwamba nakukataza raha. Tafuta Altezza yenye injini ya 1G, silinda sita, lita mbili. Injini hiyohiyo imo kwenye Mark II GX110, na hakuna fundi wa chini ya mti mjini hapa asiyeweza kuifungua huku anaongea na simu. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkononi ya tajiri, gia za mkono zipo sita ukizitaka, na nyuma wanakaa watu wazima. Mkanda wa taiming usipoujua umebadilishwa lini, basi haujabadilishwa. Mwendo? Mjini ni 50, na tochi ya trafiki haijali una pistoni ngapi.

*Habari yako Mzee. Nimenunua Subaru WRX mkononi hapa Nairobi. Aliyeniuzia anasema mkanda wa taiming bado uko sawa. Nimwamini? Kijana wa Ngong Road.*

Usimwamini. Ubadilishe kwanza, umwamini baadaye. Mwisho wake ni kilomita 100,000, na ukikatika valvu na pistoni zinakutana uso kwa uso. Wakati umefunguliwa badilisha na pampu ya maji, kazi ya kufungua ni moja.

Ila umetaja Nairobi, hapo umenigusa. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda Safari Rally kwa Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, matope mpaka kwenye vioo. Nilikuwa mtoto kando ya barabara, nikalipungia mkono. Mwaka 1974 nilikuwa ndani na surua, sikupunga, kombe likaenda kwa Mitsubishi ya Joginder Singh. Jumlisha mwenyewe. Watu hunionesha picha ya Datsun ile wakasema "unaona, spoti inaweza barabara zetu!" Inaweza, ndiyo. Nyuma yake ilikuwa na kampuni nzima, mafundi na spea. Nyuma yako wewe kuna bodaboda anapiga honi.

Nafasi imekwisha na mhariri amesimama mlangoni. Mwenye Kiu ya Mwendo, kabla sijasahau: mimi pia nakaa Tabata. Huwa unatoka saa ngapi? Saa kumi na mbili na nusu mimi nipo kituoni, nimevaa kofia ya rali. Ikiwa Altezza nitakaa mbele. Ikiwa ni hiyo RX-8 nitajikunja nyuma, na chupa ya oili nitaishika mimi.