Ndizi za Milioni Hamsini

Sina ugomvi na vipande vifupi vya msimbo ambavyo mafundi wa tovuti hukopi na kupesti mchana kutwa. Ninachogombana nacho ni imani kwamba kilichofanya kazi California kitafanya kazi Kisarawe. Chukua duka la mtandaoni la muuza ndizi wa Maili Moja, Kibaha: mkungu shilingi 5000, bodaboda hadi Kisarawe shilingi 8000. Fomu hukabidhi kila kilichojazwa kama maandishi, na alama ya kujumlisha ya JavaScript ikikuta maandishi haijumlishi, inaunga. Mteja anadaiwa 50008000. Kutoa, ajabu, kunakwenda sawasawa. Daftari la madeni la mangi lina tabia ya kinyume. Dawa ni neno moja, Number, na ndipo fundi mvivu anapolipaka kila kisanduku, hata cha simu. Sifuri ya mwanzo inadondoka, na dereva anabaki barabarani na mkungu wake na namba isiyopigika.

Wapo watakaosema kipande kilichotumiwa na maelfu ya watu kimeshapimwa. Ni kweli, ila kimepimwa kwa majina yao na saa zao. Kile maarufu cha kupata tarehe ya leo, toISOString().slice(0, 10), husoma saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, Kibaha nzima inarudishwa jana. Utauliza nani ananunua kitu saa nane usiku. Uliza mwezi wa Ramadhani, watu wanapoamka kula daku. Kipande kingine hubandika jina la bidhaa kati ya alama mbili za mkato wa juu ndani ya kitufe. Mnunuzi wa nyama ya mbuzi anahudumiwa. Wa ng'ombe anabofya mpaka kidole kinauma, kwa sababu alama iliyo kwenye ng' imefunga sentensi kabla ya wakati. Brendan Eich aliitunga lugha hii mwaka 1995 kwa siku 10, akarithi kutoka Java mtindo wa kuita Januari mwezi wa 0. Si haki kumdai pia ng'ombe wetu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba tuache kuandika vyetu, tutegemee vifurushi vya wakubwa. Machi 2016 Azer Koçulu aliondoa kwenye ghala la npm kifurushi chake cha left-pad, mistari 11 tu ya kujaza nafasi kushoto mwa maandishi, na programu nyingi duniani zikashindwa kujengwa mpaka kiliporudishwa. Ukubwa wa majina yaliyokitegemea haukusaidia kitu. Na vipo vipande ambavyo wakubwa hao hawataamka kutuandikia: (saa + 6) % 12 || 12 inageuza 7 ya kompyuta kuwa saa moja asubuhi na 18 kuwa saa kumi na mbili jioni. Mstari mmoja, na abiria wa Mlandizi hakosi basi.

Basi kopi, ndugu yangu, wala usione haya. Lakini kabla hujampa mteja tovuti yake, agiza kilo moja ya nyama ya ng'ombe, kwa namba ya simu inayoanza na 0, saa nane usiku.