Mshubiri wa Mama Mkwe

Mshubiri ulifika nyumbani kwetu Mpanda kwa treni, ndani ya kopo la maziwa ya unga, umezungushiwa khanga kama mtoto mchanga. Mama mkwe aliuchimbua kando ya jiko lake Tabora, akamkabidhi mume wangu kwa maagizo mawili: usilazwe ubavu, na usipewe maji njiani. Treni yetu huachana na Reli ya Kati pale Kaliua, ikashika njia ya kusini iliyotandikwa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Ni safari ya kuwapa watu muda wa kujuana. Mume wangu anasema kabla hawajafika, behewa zima lilikuwa limeuliza hali ya mgonjwa aliyefunikwa khanga.

Uliletwa kwa sababu ya kitinda mimba wetu. Alikuwa na miaka miwili na nusu na hakutaka kusikia habari ya kuacha ziwa. "Jipake shubiri, mwanangu," mama mkwe aliniambia kwenye simu. "Sisi sote ndivyo tulivyofanya."

Akanielekeza nikate jani la chini kabisa, la nje, karibu na shina. Majani ya katikati hayaguswi, maana huko ndiko mmea unakokulia. Jani likikatwa hutoa vitu viwili, na wengi huvichanganya. Chini kidogo ya ganda hutoka utomvu wa manjano, ndio shubiri yenyewe: mchungu kupita maelezo, na ukimezwa huharisha vikali. Ndani zaidi kuna ute mzito, mwangavu kama maji, ule ambao watu hujipaka ngozini na unaosifiwa kwenye sabuni za alovera. Mimi nilihitaji tone moja tu la ule wa manjano.

Mtoto alionja mara moja. Hakulia. Alinitazama usoni kitambo, akashuka mapajani, akaenda kulala kwa dada yake. Aliyelia usiku ule ni mimi.

Asubuhi nilikata jani jingine, nikijua ataniomba tena, kisha nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili na kukanda chapati za watu wanane. Kunawa mara mbili hakutoshi. Wa kwanza kuonja alikuwa baba watoto. Alitafuna, akameza, akanywa chai yote bila kusema neno. Watoto walisema. Kilo mbili za unga wa ngano zikaenda, na hata kuku walichokora wakaacha. Lakini baada ya siku nne mtoto alikuwa ameacha ziwa, hana homa wala kinyongo, na moyoni nikaona mmea ule umenitendea jambo kubwa. Nikaazimia kuulipa.

Hapo ndipo nilipouponza.

Nilitafuta ndoo ya rangi ya lita 20, nikaagiza udongo mweusi kutoka kwenye majaruba ya Mwamkulu. Huo ndio udongo unaotulisha mpunga, na mimi sikuujua udongo bora kuliko huo. Nikauchanganya na samadi ya ng'ombe, nikapanda, na kila asubuhi nikimaliza kumwagilia mchicha nikaupa na mshubiri kikombe chake. Kwa miezi ya kiangazi ulinivumilia. Jua la Septemba na Oktoba hapa Mpanda hukausha hata ndoo, kwa hiyo makosa yangu yalikuwa yakikaushwa kila siku, nami nikidhani ni matunzo. Majani yalinenepa. Nikawaonyesha majirani.

Novemba mvua zikaanza. Ndoo haikuwa na tundu hata moja chini, na udongo wa majaruba ukishiba maji hauyaachii. Ndiyo maana mpunga unaupenda. Mshubiri una asili ya Bara Arabu, kwenye mawe na mvua za kubahatisha. Maji yake huyaweka ndani ya majani, na vitundu vya kupumulia huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, mchana ukavifunga ili jua lisiyanyonye. Nilikuwa nimeuchukua mmea wa namna hiyo nikaufanya mpunga.

Kufikia Januari majani ya chini yalilegea, yakageuka rangi ya ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Siku nilipoushika shina kuunyoosha, ulikuja wote mkononi. Mizizi haikuwepo. Kilichobaki chini kilikuwa uji wa kahawia wenye harufu ya mfereji.

Nilimpigia mama mkwe. Sikumficha kitu. Alinyamaza, kisha akasema, "Aliyetufundisha madrasa alituambia kwa Kiarabu shubiri na subira ni mzizi mmoja. Wewe umeupa vyote, mwanangu, isipokuwa hiyo. Sasa leta kisu."

Nikakipangusa kisu kwa spiriti, nikakata shina kipande kwa kipande kuelekea juu hadi nyama ikawa safi, haina doa. Majani yaliyooza nikayang'oa. Kilichobaki kilikuwa kichwa cha majani saba, kisicho na mzizi hata mmoja. Akaniambia nikiache kivulini, kikavu, siku saba au zaidi, jeraha lifunge ngozi. Nikikipanda kibichi kitaoza tena. Kwa unyevu wa Januari nilikiweka juu ya kabati la vyombo.

Jumamosi baba watoto akafanya usafi. Niliporudi sokoni juu ya kabati palikuwa panang'aa. Sikumgombeza, lakini nilishindwa kuongea. Yeye mwenyewe alichukua tochi, akaingia kwenye shimo la taka na kuchakura katikati ya maganda ya ndizi hadi akakipata. Alikipangusa kwa shati lake. Jani moja lilivunjika, sita yalibaki.

Safari hii niliitoboa ndoo tundu tano, nikaweka kokoto chini, juu yake mchanga wa mtoni wa wajenzi na udongo kidogo tu. Nikapanda, nikaweka chini ya ukingo wa bati mvua isikofika, na sikutia maji wiki tatu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kupita na jagi mkononi nisimimine. Majani yalisinyaa, yakawa mekundu. Mwezi wa Machi nililitikisa shina polepole, likanigomea. Lilikuwa limeshika.

Desemba iliyofuata mama mkwe alishuka stesheni ya Mpanda. Tulimwamkia, akabebewa mizigo, akapewa kiti na maji, lakini alikwenda kwanza uani. Aliinama, akabonyeza jani kwa kidole gumba, akachungulia tundu za ndoo. Pembeni mwa shina vilikuwa vimechomoza vichipukizi vitatu.

"Wangu ulifukiwa walipojenga choo," alisema. "Sikukwambia kwenye simu."

Siku ya kuondoka nilichimbua kichipukizi kikubwa na mizizi yake, nikakitia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Yeye akavua khanga ya mabegani, akakizungushia.